Historia ya Mfuko wa Watoto wa Kwaya Yetu



Katika kijitabu hiki mtasoma jinsi kwaya ilivyoanza, walimu waliotufundisha na nyimbo tulizorekodi katika miaka hii 25. Kamati ya yubile ilituomba pia tuandike habari za Mfuko wa Watoto, maana kila mwaka tunaulizwa swali lile lile: "Ile nyumba ya yatima iliishia wapi?" Wengi wenu mlitoa kwa ajili ya nyumba hiyo. Mna haki ya kujibiwa, tena jibu lisilofunika mambo. Basi tutaeleza tulivyoanza, tulipokosea, na yale ambayo Mungu ametuwezesha kuyafanya.

Nyimbo za mazishi

Kwaya yetu ilianza mwaka 1999. Wengi wetu tunaoimba leo tulikuwa bado watoto wa Shule ya Jumapili, lakini wazee waliotutangulia wanakumbuka mwaka ule vizuri. Mnamo Novemba, Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Hapa kwetu Mombasa watu hawakuhitaji kuambiwa. Kwaya ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze, na tayari ilijulikana zaidi makaburini kuliko kanisani. Kuna wiki waliimba mazishi matatu, na aliyezikwa mara nyingi alikuwa baba au mama kijana.

Baada ya mazishi, wanakwaya walirudi nyumbani wakiwa na picha moja kichwani: watoto waliosimama kando ya kaburi wakiwa wameshikana mikono. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, watoto wengi walifurika madarasani. Hata hivyo baadhi ya wale tuliowaona makaburini hawakwenda. Mmoja alikuwa akimuuguza nyanya yake. Wengine walikuwa wakiuza maji au viazi vya kukaanga barabarani ili wadogo zao wale.

Katika mkutano wa kwaya, mama mmoja wa alto alisema maneno ambayo yameandikwa katika kitabu cha kumbukumbu: tunawaimbia waliokufa vizuri sana, lakini waliobaki tunawapa pole na kuondoka. Siku hiyo kwaya iliamua kujenga nyumba ya watoto yatima. Hakuna aliyejua pesa zitatoka wapi.

Wageni kutoka ng'ambo

Mwaka uliofuata parokia yetu ilipata wageni kutoka kanisa moja dogo huko Uingereza. Walikuja wakati wa sikukuu ya mavuno. Tuliimba, tukapiga mnada wa ndizi, nazi na kuku, na baada ya ibada mchungaji wao akauliza watoto waliokuwa wamekaa mstari wa mbele ni wa nani. Tukamwambia ukweli. Jioni ile, chini ya mwembe, tulimweleza habari ya nyumba tuliyokuwa tukiiota.

Yeye naye alitusimulia habari za George Müller. Kwa kuwa simulizi hiyo ilituongoza mwanzo na mwisho, yafaa tuieleze hapa kwa kirefu.

Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805. Ujana wake haukuwa wa sifa. Alisema uongo na hata kuiba. Alimjua Bwana alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Halle, na kwa muda alipata malazi ya bure katika nyumba ya yatima iliyoanzishwa na mchungaji August Hermann Francke. Huyo Francke alikuwa mchungaji wa mtaa maskini wa Glaucha, kando ya Halle. Mwaka 1695 alikuta katika sanduku la maskini thaler 4 na groschen 16, akasema kwamba kwa fedha hizo lazima jambo la maana lianzishwe. Alianza na shule ya watoto maskini, ikafuata nyumba ya yatima, na kufikia kifo chake mwaka 1727 watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakisoma pale.

Müller alihamia Uingereza, na mwaka 1832 akawa mchungaji katika mji wa Bristol. Mwaka 1835 alisoma kitabu cha maisha ya Francke, na moyo wake ukawaka. Desemba mwaka huo aliitisha mkutano wa kueleza nia yake. Kwa makusudi hakupitisha kikapu cha sadaka. Baada ya mkutano mtu mmoja alimpa shilingi 10, na dada mmoja akajitolea kufanya kazi. Huo ndio ulikuwa mtaji. Aprili 1836 alifungua nyumba ya kwanza ya wasichana katika barabara ya Wilson Street. Kufikia 1870 alikuwa na nyumba tano kubwa mahali paitwapo Ashley Down, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Alipofariki Machi 1898, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa humo.

Mgeni wetu alipomaliza, mzee mmoja wa besi alisema, "Kama shilingi kumi zilitosha kuanza, sisi tuna kuku watatu waliobaki kwenye mnada." Tulicheka, lakini kuku wale waliuzwa, na ndio mchango wa kwanza wa Mfuko wa Watoto.

Mtungi mlangoni na kadi za harambee

Wageni waliporudi kwao waliweka mtungi wa kioo mlangoni mwa kanisa lao. Mtungi huo ndio uliojenga sehemu kubwa ya ukuta wetu. Msidhani kwamba walikuwa matajiri. Lilikuwa kanisa la watu wachache, wengi wao wazee waliostaafu. Waliuza keki baada ya ibada, wakatembea maili kadhaa kwa ahadi za wafadhili, na bibi mmoja aliyekuwa hawezi kutembea alifuma soksi za watoto wachanga na kuziuza. Kila robo mwaka pesa ziliingia katika akaunti ya parokia, na kila robo mwaka walitaka ripoti na risiti.

Sisi huku tulichapisha kadi za harambee, tukauza kanda zetu, tukaalikwa kuimba katika harusi kwa malipo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, washiriki waliohamia Nairobi na Kisumu walianza kutuma shilingi mia, mia mbili. Mweka hazina wetu wa wakati huo alipenda sana jambo moja alilolisikia juu ya Müller: kila mtoaji alipewa risiti yenye namba, na namba hizo zikachapishwa katika ripoti ya mwaka, ili kila mtu aone sadaka yake bila jina lake kutangazwa. Mama yetu akafanya vivyo hivyo. Orodha ya namba ilibandikwa kwenye ubao wa kanisa, karibu na ratiba ya wasomaji. Mwenye shilingi 50 na mwenye elfu tano walisimama pale pamoja wakitafuta namba zao.

Tulijiona pia kuwa sehemu ya historia ndefu. Wengi wetu hupita Kengeleni kila siku kwa matatu bila kufikiri kwa nini pakaitwa hivyo. Baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, manowari za Kiingereza zilikamata majahazi yenye watumwa, na kati yao walikuwamo watoto wasiojua tena kwao ni wapi. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, hapa hapa ng'ambo ya kisiwa, ili kuwapokea. Gharama zake zilitegemea sadaka za Wakristo wa Uingereza. Kengele iliwekwa ili ipigwe hatari ikitokea. Walimu na mafundi wengi wa Freretown walikuwa Waafrika waliokombolewa mapema na kusomeshwa Nasik, India. Kwa hiyo sadaka kutoka kanisa la mbali kwa ajili ya mtoto wa pwani hii si jambo la jana. Na hata wakati ule pesa zilitoka ng'ambo, lakini waliowafundisha watoto kusoma na kushika randa ni wenzao waliowahi kufungwa minyororo kama wao.

Tulipokosea

Hapa inabidi tuseme ambayo hayakusemwa katika sherehe zilizopita.

Kosa la kwanza ni la kinanda. Tulipokuwa tukijiandaa kurekodi kanda ya pili, kinanda chetu kiliharibika, na studio ilitaka malipo kabla. Kamati ikakopa kutoka Mfuko wa Watoto, ikiamini kwamba kanda ikiuzwa pesa zitarudi. Kanda haikuuzwa kama tulivyotarajia. Mweka hazina alikataa kuandika ripoti ya uongo. Alisema afadhali aache kazi. Ilitubidi tuwaandikie marafiki zetu ng'ambo na kukiri, kisha tukasimama mbele ya ibada kuu na kukiri tena. Wao walisimamisha pesa kwa mwaka mzima, na walikuwa na haki. Kila mwanakwaya alilipa deni kidogo kidogo hadi likaisha. Kinanda kile ndicho tunachotumia hata leo. Mkikisikia kinakwama kwenye noti za juu, mjue kilinunuliwa kwa aibu.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilichukua miaka kuonekana. Tulikuwa tumenunua kiwanja na kuanza kujenga. Tuliandika orodha ya watoto 23 ambao wangekuwa wa kwanza kuingia. Tuliwapiga picha wakiwa wamevaa sare mpya, tukazipeleka ng'ambo, na mtungi ukajaa haraka. Lakini ujenzi ulikwenda polepole. Bei ya simiti ilipanda, fundi mmoja alituacha, mvua ikabomoa sehemu ya ukuta. Tulipofika kwenye linta, ilikuwa mwaka 2016. Tukaenda katika ofisi ya watoto kuuliza juu ya usajili.

Afisa alitupokea kwa heshima. Aliomba orodha yetu, akaisoma yote, kisha akauliza: "Kila mtoto hapa, usiku wa leo analala kwa nani?"

Hatukuwa na jibu lililoandikwa. Tulirudi na kufanya kazi ambayo tungeifanya siku ya kwanza: kwenda nyumba kwa nyumba. Tuligundua kwamba kati ya wale 23, wengi walikuwa wameshakuwa watu wazima. Na wote, isipokuwa wawili tu, tangu mwanzo walikuwa na mtu wa ukoo aliyewachukua: nyanya, shangazi, mjomba, au dada mkubwa. Hawakukosa watu wa kuwalea. Walezi hao walikosa unga, sare, nauli ya kwenda kliniki na mabati yasiyovuja.

Tuliitisha mkutano wa kwaya yote. Wengine walisema tumalize nyumba hata hivyo, watoto hawatakosekana. Wengine walihofia marafiki wa ng'ambo watatuona matapeli, kwa mara ya pili. Mabishano yalikuwa marefu. Ndipo kijana mmoja wa besi akasimama. Wengi wetu tulikuwa tumesahau kwamba jina lake lilikuwa namba 9 katika orodha ile.

Alisema kwa upole: "Wazee wangu, nawashukuru. Lakini mwaka ule mlionunua mawe, mimi nilikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo ya sekondari. Na siku mliyotupiga picha, nilikwenda nyumbani nikajificha, kwa sababu nilidhani mmekuja kunitoa kwa nyanya. Hakuna aliyeniuliza."

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti alifunga mkutano kwa sala, nasi tukaenda nyumbani bila kuimba.

Barua na jibu lake

Tuliandika barua ya pili ya kukiri. Tulieleza hesabu yote ya kiwanja na ukuta, tukasema kwamba hatuamini tena kuwa nyumba hiyo ndiyo inayohitajika, na kwamba wakitaka pesa zao zirudi tutauza kiwanja. Novemba 2017, kabla jambo hili halijaisha, serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto nchini kote. Waliodhani tunachelewesha kazi ya Mungu wakaona kwamba mlango umefungwa kwa upande ule pia.

Jibu lilikuja kutoka kwa mchungaji yule yule aliyekaa chini ya mwembe, sasa akiwa amestaafu. Alitukumbusha habari za Müller, safari hii sehemu ambazo hakutusimulia mwanzo.

Ya kwanza ni hii. Müller alipokuwa akijiandaa kufungua nyumba, aliomba juu ya pesa, jengo, samani na wafanyakazi. Februari 1836 ilifika siku ya kupokea maombi ya watoto. Akakaa kanisani saa mbili nzima, asije hata mtu mmoja. Ndipo akatambua kwamba ameomba kila kitu isipokuwa watoto wenyewe. Siku iliyofuata ombi la kwanza likaletwa. Mzee wetu aliandika kwamba nasi, huku na ng'ambo, tuliomba mawe na mabati kwa miaka mingi, tukasahau kumsikiliza mtoto.

Ya pili ni kwamba zile nyumba tano kubwa za Ashley Down hazina yatima leo. Katika karne ya 20 watu walianza kuona kwamba mtoto hukua vizuri zaidi katika nyumba ndogo yenye sura ya familia. Mwaka 1958 majengo yaliuzwa kwa halmashauri ya mji, na watoto wakahamishiwa nyumba ndogo ndogo. Kazi ya Müller haikufa kwa kuacha majengo. Ilibadilika kwa sababu ya watoto. Wakati wake watoto wasio na wazazi waliishia mitaani au katika nyumba za mafukara, na yeye alifanya lililo jema kwa wakati ule. Sisi tulitakiwa kufanya lililo jema kwa wakati wetu.

Mwisho wa barua alisema kanisa lake limepiga kura. Pesa zisirudi. Zifuate watoto mahali walipo. Mtungi ungebaki mlangoni.

Mfuko ulivyo leo

Tangu 2018 Mfuko wa Watoto haujengi nyumba ya yatima. Unasaidia walezi. Kila familia hutembelewa na wanakwaya wawili, na mahitaji huandikwa na mlezi mwenyewe pamoja na mtoto, kama ana umri wa kusema. Nyanya mmoja aliomba mbuzi wawili wa maziwa. Mwingine aliomba paa. Dada mmoja anayelea wadogo zake watatu aliomba cherehani, na sare za Shule ya Jumapili mnazoziona leo alizishona yeye. Tunawasaidia pia kuandikishwa katika mpango wa serikali wa kuwapa fedha walezi wa yatima, maana wengi walikosa tu vyeti vya kuzaliwa au mtu wa kuwajazia fomu.

Wale watoto wawili ambao hawakupatikana na ndugu, sisi tulikuwa tumewapangia vitanda. Kupitia ofisi ya watoto, na kwa taratibu zote, walipata malezi katika familia mbili za parokia hii. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasisitiza malezi ya familia, na makao yakiwa ni njia ya mwisho. Tulipoisoma katika mafunzo tulitazamana, kwa sababu sisi somo hilo lilikuwa limetugharimu miaka kumi na mitatu.

Na ukuta? Tuliupandishia paa. Ni ukumbi wenye vyumba viwili. Alasiri watoto wa jirani hula uji na kufanya kazi za shule humo, na Alhamisi ni siku ya chama cha akina nyanya. Kibao tulichokuwa tumekiagiza, chenye maneno "Nyumba ya Yatima", hakikuwekwa. Kijana wa besi, yule wa namba 9, ndiye mweka hazina wa mfuko sasa. Bado anatoa risiti zenye namba, na orodha bado iko kwenye ubao.

Hatuandiki haya ili tujisifu kwamba tuliona mbali. Kuna watoto katika orodha ile ya kwanza waliokua huku pesa zao zikingoja benki. Mmoja wao alikatiza masomo, na tulipompata alikuwa na watoto wake mwenyewe. Tulimwomba msamaha. Alitusamehe, akaomba tumsaidie mwanawe kuanza chekechea, na tumefanya hivyo. Pesa huweza kungoja, lakini mtoto hangoji kukua.

Shukrani na ombi

Tunawashukuru ninyi mliotoa, mliosubiri, na mliotuuliza maswali magumu. Tunawashukuru ndugu zetu wa ng'ambo, ambao wengi wa waliojaza mtungi ule wa kwanza wameshalala katika Bwana. Tunamshukuru mama aliyekuwa mweka hazina, aliyekataa kuandika uongo.

Waraka wa Yakobo unatuambia dini iliyo safi inahusu kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Kwa miaka mingi tulisoma maneno hayo na kusikia "kujenga". Sasa tunasikia "kwenda".

Sadaka ya pili ya ibada ya yubile ni ya Mfuko wa Watoto. Utapewa risiti yenye namba. Jumapili ijayo, kabla ya kwenda nyumbani, pita kwenye ubao uitafute. Na kama una jirani anayelea mtoto wa marehemu ndugu yake, usitusubiri sisi. Anza wewe kumtembelea, kisha uje utuambie analala kwa nani na anahitaji nini.

Mungu awabariki nyote.

Katibu, kwa niaba ya Kwaya